Ukucha wa Meneja

Kinyozi alikuwa na mdomo, na hakuna mteja wake aliyelikana hilo. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla hajamaliza kukufunga kitambaa shingoni ulikuwa umeshapata habari za mpira, za mvua iliyogoma kunyesha, na za jirani aliyehama bila kuaga. Mikono yake ilikuwa miepesi, lakini watu walifuata maneno. Alikuwepo mteja mmoja mwenye upara uliong'aa kama sahani, ambaye alikuja kila Jumamosi kunyolewa nywele zisizokuwepo, na akaondoka ameridhika.

Mtu huyohuyo, akivuka mlango wa nyuma wa chumba chake cha kazi na kuingia ndani kwake, ambako mama mkwe alikuwa amekaa, aligeuka bubu. Ulimi ulimkauka, mikono ikakosa pa kukaa, akabaki kukohoakohoa kama mtu aliyepaliwa.

Mama mkwe alikuwa muuguzi mkuu wa wodi hadi alipostaafu. Sare aliiacha kazini, lakini sauti alirudi nayo nyumbani. Alikuja kwa binti yake kwa sababu paa la nyumba yake lilikuwa linavuja na fundi alitaka nyumba iwe tupu ndipo alifumue. Akaja na begi moja na mbwa mmoja. Mbwa aliitwa Meneja, jina alilopewa na marehemu mumewe, kwa kuwa tangu akiwa mdogo alikuwa akizunguka uani kifua mbele, akikagua kazi ya kila mtu, na yeye mwenyewe hakuna alichofanya. Alikuwa mkubwa, rangi ya mchanga uliolowa, na sikio moja lilisimama wakati lingine limelala.

Mambo yangekwenda vizuri kama mke wa kinyozi angekuwepo. Yeye alikuwa mwalimu, na ndiye aliyekuwa akipitisha maneno kati ya mumewe na mama yake, kama mtu anayepitisha chumvi mezani. Lakini mama hajakaa hata akazoea kitanda, mwalimu akaitwa mji mwingine kusahihisha mitihani. Akawaambia wawili hao kwamba watasaidiana, akabeba mkoba wake, akatoka haraka kama aliyeacha sufuria motoni.

Wakabaki. Asubuhi kinyozi alisema shikamoo mama, naye akajibiwa marahaba mkwe, halafu pakawa kimya kiasi cha kusikia saa ya ukutani. Hakuna aliyekuwa na ugomvi na mwenzake. Kinyozi alimwogopa tu, jinsi mtu anavyoogopa mtu anayekunja shuka mpaka pembe zinalingana. Na mama mkwe, kwa upande wake, hakuwa mtu wa kuanza mazungumzo. Kwa miaka yote ya kazi yake watu walikuja kwake wakiwa tayari na la kusema, kwa mfano kwamba wanaumwa tumbo.

Hatimaye walipata njia, na njia yenyewe ilikuwa Meneja. Mama mkwe aliketi mezani na kumtangazia mbwa kwamba chai iko tayari. Meneja, asiyekunywa chai, alimtazama kinyozi. Kinyozi naye akamwomba Meneja amwambie bibi yake asante sana. Hivyo wakaendesha nyumba, na mbwa akawa anageuza shingo huku na huku kama mkalimani asiyelipwa.

Ajali ilitokea mchana mmoja, duka likiwa wazi. Kwenye kiti alikuwa ameketi fundi viatu, jirani ambaye meza yake ya kazi ilikuwa ukuta wa pili. Upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa umeshanyolewa safi. Wa kushoto ulikuwa bado msitu. Meneja alikuwa amelala chini ya kiti, maana pale palikuwa na ubaridi wa vigae, na mguu wake wa mbele ameupenyeza katikati ya vyuma vya kuwekea miguu. Nje ikapita pikipiki, ikapiga mlio kama bunduki.

Meneja aliruka. Mguu haukuruka naye. Kilichofuata ni ukelele ambao fundi viatu alidhani umetoka kwake mwenyewe, akashika masikio yote mawili kuhakikisha kuwa yapo.

Kinyozi alipoinama, aliona damu kwenye vigae, imechanganyika na nywele. Ukucha wa kidole cha pembeni ulikuwa umeng'oka nusu, unaning'inia kama kifungo cha shati kilichobaki na uzi mmoja. Hapo akafanya alilozoea kuwafanyia watu waliokatwa na wembe: alichukua kwenye droo kipande cha shabu, lile jiwe la kukausha damu, akakilowesha, akakigandamiza kwenye kidonda.

Watu wakipakwa shabu husema "sss" na kukunja uso. Meneja hakusema "sss". Alijichomoa, akazunguka duka lote kwa miguu mitatu, akaangusha kopo la poda, akapita chini ya benchi, akapanda juu ya benchi, na kila alipopita akaacha ua jekundu: sakafuni, ukutani, kwenye kalenda, na moja kwenye goti la suruali ya fundi viatu.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama mkwe akasimama pale, miwani puani, na duka zima likanyooka.

"Zima hiyo mashine," alisema. "Funga mlango wa mbele. Wewe wa nusu kichwa, kaa chini. Mkwe, taulo safi."

Taulo likapatikana kabla hajamaliza neno. Aliagiza mbwa ashikwe kwa upole, alazwe ubavu, mguu uinuliwe, kidole kibanwe na taulo, tena kibanwe kwa kutulia, si kubana na kuchungulia, kubana na kuchungulia, maana damu haipendi kuchunguliwa. Aliagiza mdomo wa mbwa ufungwe kwa kitambaa, kwa sababu mnyama akiwa na maumivu hamjui hata anayemlisha. Kinyozi aliposita, alichukua kitambaa mwenyewe akakizungusha mdomoni mwa Meneja, fundo moja juu, moja chini, akamalizia nyuma ya masikio.

Yote aliyosema yalikuwa sahihi, na yote aliyafanya barabara. Ila kinyozi, aliyekuwa amepiga magoti karibu naye, aliona jambo ambalo fundi viatu hakuliona. Mama mkwe alifunga mafundo yale kwa kupapasa. Macho alikuwa ameyaelekeza kwenye kalenda, na alikuwa anaisoma kana kwamba kuna mtihani.

Damu ilipopungua, walimfungia taulo mguuni, kinyozi akambeba Meneja kifuani kama gunia, wakatoka kwenda kwa daktari wa mifugo, mitaa miwili kutoka pale. Mama mkwe alitangulia. Fundi viatu akafuata nyuma ili wawe na mtu wa kufungua milango. Barabarani watu waligeuka kutazama, na kinyozi akajua wazi kwamba hakuna aliyekuwa akimtazama mbwa. Wote walikuwa wanatazama kile kichwa, na kila mmoja wao alikuwa anajiuliza ni kinyozi gani huyo.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke kijana asiye na haraka. Alimchoma Meneja sindano ya ganzi, akamfungua mdomo pole pole huku akimsifia masikio, na alipoinua mkasi kukata kile kilichobaki cha ukucha, mama mkwe alisema anatoka kidogo kuangalia kama mvua inakuja. Jua lilikuwa la kupasua mawe. Alirudi daktari alipokuwa anamalizia kufunga bandeji.

Daktari alieleza kwamba ukucha wa mbwa una nyama hai na mshipa ndani yake, ndiyo maana unatoa damu nyingi na kuuma kupita kiasi, lakini huota tena. Akatoa dawa ya maumivu na dawa ya kuzuia kidonda kisioze, akaonya asipewe kidonge chochote cha binadamu. Kila asubuhi na jioni mguu uloweshwe kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, ukaushwe hata katikati ya vidole, ufungwe bandeji mpya isiyobana sana. Asitembezwe mbali, asisafirishwe, asirukeruke. Halafu akamvalisha kola kubwa ya plastiki shingoni ili asilambe kidonda, na Meneja akageuka kuwa kipaza sauti cha mkutano chenye miguu minne.

Akataka arudishwe kukaguliwa baada ya wiki mbili au zaidi kidogo.

Kazi ilianza jioni ileile, jikoni, beseni likiwa sakafuni. Kwa kuwa mwenye mkono wa dawa alikuwa mama mkwe, kinyozi alidhani yeye atashika kichwa tu. Lakini mama mkwe aliketi kwenye kigoda upande wa kichwa, akakumbatia ile kola kwa mikono miwili, akamwambia Meneja amjulishe mkwe kwamba maji yapimwe kwa kiwiko.

Kinyozi akapima kwa kiwiko. Akamwambia Meneja amjulishe bibi kwamba yako sawa. Mama mkwe akamwambia Meneja kwamba chumvi ile ilikuwa ya kuloweshea mguu, si ya kupikia. Kinyozi akapunguza chumvi. Akafungua bandeji taratibu, na alipofika kwenye pamba ya mwisho iliyoganda, mbwa akaguna, na mama mkwe akafumba macho.

Ndipo kinyozi, bila kupanga, akauliza moja kwa moja.

"Mama, kwani umeuguza watu wangapi?"

Lilikuwa swali la kwanza kumuuliza tangu amuoe binti yake. Hata yeye lilimshtua. Mama mkwe hakufumbua macho.

"Wale walikuwa wa watu," alisema. "Huyu ni wangu."

Kinyozi akaendelea kusafisha. Na kuanzia hapo alianza kumsimulia anachokiona, ili asiwe na haja ya kutazama. Alimwambia kidonda ni chekundu lakini kisafi, hakuna usaha, vidole vya jirani havijavimba. Mama mkwe alisikiliza kama anayesomewa ripoti ya zamu, akitikisa kichwa na kuuliza maswali mafupi. Kufikia siku ya nne hivi, hakuna aliyekuwa akimtuma tena Meneja kupeleka salamu. Mbwa alizoea kugeuza shingo, akaendelea kuigeuza bure, kola ikiwapiga wote wawili masikioni.

Ile kola ilikuwa msiba kwa nyumba nzima. Kila Meneja akipita mlangoni alikwama. Akinywa maji aliinua bakuli zima, akatembea nalo. Na akiachwa peke yake aliweza, kwa ujanja ambao hakuna aliyeugundua, kuusukuma ule mguu mpaka ndani ya kola na kuanza kutafuna bandeji. Hivyo ikabidi asiachwe peke yake. Na kwa kuwa kinyozi alikuwa dukani kutwa, ikabidi Meneja akae dukani, na kwa kuwa Meneja hakutulia bila bibi yake, ikabidi bibi naye akae dukani.

Aliwekewa kiti pembeni ya kioo, mbwa miguuni. Siku ya kwanza wateja walinyolewa kimya kama wako kwenye chumba cha mtihani. Siku ya pili kijana mmoja alivua kofia, na mama mkwe akanyanyua miwani, akamwambia asiguswe na mashine yoyote mpaka aende akatibiwe mashilingi yale ya kichwani, mapunye yanayoambukiza, na asiazime kofia ya mtu. Kijana akaenda. Akarudi baadaye kumshukuru. Baada ya hapo wateja walianza kumwonyesha vipele vya shingoni, kikohozi, na mmoja alivua kiatu kabisa. Aliwahudumia kwa macho tu, bila kuinuka, na waliobaki akawapanga foleni: wewe kaa huku, wewe umekuja baada ya yule, wewe acha kujikuna.

Kinyozi alianza kwa kujibana. Lakini mdomo wake haukuwahi kujifunza kukaa kimya mkononi mwake kukiwa na mashine, na asubuhi moja akajisahau. Alikuwa anasimulia jinsi yule jirani alivyohama akisahau mlango wake wa choo kwa mwenzie aliyekuwa ameuazima, na alipofika mahali pa kuigiza jirani akirudi kuudai usiku kwa minong'ono, akasikia mkoromo wa ajabu nyuma yake. Aligeuka akidhani ni Meneja. Alikuwa mama mkwe, ameziba mdomo kwa leso, mabega yanaruka.

Jioni yake, beseni likiwa katikati yao, mama mkwe alimwambia kwamba kila alipokuja kuwatembelea alikuwa akimsikia ukuta wa pili anacheka na watu, na kila alipoingia ndani alikuwa anakoma. Akadhani kwamba mkwe hapendi yeye awepo.

Kinyozi aliduwaa, mguu wa mbwa mkononi. Alimweleza kuwa yeye naye alikuwa na yake: siku zote aliamini kwamba mama alitaka binti yake aolewe na daktari.

"Madaktari nimefanya nao kazi," alisema mama mkwe. "Mimi nilitaka aolewe na mtu anayeongea. Sasa wewe ukawa unaongea na wote isipokuwa mimi."

Wakati huo fundi viatu, ambaye kichwa chake kilikuwa kimesawazishwa, alikuwa hana raha mpaka atoe mchango wake. Alikuja na kamba ya kupimia, akapima unyayo wa Meneja kwa urefu na upana, akauliza kama mwenzetu anapendelea rangi nyeusi au kahawia. Akashona kiatu kidogo cha ngozi laini chenye vifungo viwili, kazi ya kupendeza kweli, cha kuvaliwa nje ili bandeji isilowe. Meneja alikivaa, akasimama, akainua mguu juu, akautazama kwa aibu kubwa, akatembea hatua chache kama anayekanyaga makaa. Kisha akajilaza akakila. Fundi viatu alisema kwamba hata hivyo ni sifa, maana inaonyesha ngozi ilikuwa nzuri.

Siku zikasonga. Fundi wa paa akapiga simu kusema amemaliza, mama anaweza kurudi wakati wowote. Mama mkwe akamjibu kwamba atarudi mbwa akipona, kwa kuwa daktari amekataza safari.

Siku iliyofuata kinyozi alitoka uani kumwaga maji, akamkuta Meneja, kola imeteleza mgongoni kama kofia ya mtalii, anamkimbiza paka. Alikimbia kwa miguu yote minne. Aliruka tofali, akakata kona, akajikuna kwa ule mguu wenyewe, na alipomwona kinyozi akasimama ghafla, akauinua mguu wa bandeji hewani, akaweka sura ya mgonjwa.

Kinyozi akampeleka nyuma ya tangi la maji, akafungua bandeji. Kidonda kilikuwa kimefunga. Ngozi ilikuwa kavu, ngumu kiasi, na kwenye shina la kidole kilikuwa kimechomoza kijiukucha kipya, kidogo kama punje ya mchele.

Alifurahi. Kisha furaha ikamwishia palepale. Alikumbuka begi la mama mkwe, ambalo tangu simu ya fundi lilikuwa limetolewa chini ya kitanda na kuwekwa karibu na mlango. Akawaza kiti kile pembeni ya kioo kikiwa kitupu, na yeye akisimulia habari bila ule mkoromo nyuma yake. Aliona haya kuwaza hivyo, mtu mzima mwenye ndevu, kumhitaji mama mkwe dukani. Lakini haya haikumzuia. Akamfunga Meneja bandeji mpya, akaipiga fundo la heshima.

Jioni mama mkwe alipouliza hali, kinyozi alisema bado kidogo.

Kwa mara ya kwanza mama mkwe hakufumba macho. Aliinama, akautazama ule mguu ndani ya maji kwa kituo, akakisogeza kidole huku na huku.

"Naona," alisema. "Bado kidogo."

Kinyozi alishangaa kidogo kwamba muuguzi mzima hajaona, akajiambia uzee ni uzee. Kesho yake ikawa bado kidogo. Na keshokutwa. Walilowesha, walikausha, walifunga, kila mmoja akiwa makini kuliko mwenzake, na Meneja akapewa vipande vya nyama kwa ushujaa wake. Alinenepa. Alijifunza kuchechemea vizuri zaidi kuliko alipokuwa anaumwa, ila alikuwa anasahau wakati mwingine, akachechemea kwa mguu ambao haukuwahi kuumia. Hakuna aliyemsahihisha.

Siku ya daktari ikafika. Wakaenda wote watatu bila maneno mengi.

Daktari alifungua bandeji, akainusa, akautazama mguu, akawatazama wao. Akauliza kwa upole nani alikuwa anafunga. Kinyozi akamwangalia mama mkwe. Mama mkwe akamwangalia kinyozi. Kisha wote wawili wakamwangalia Meneja.

Daktari alisema kidole kilipona siku nyingi. Kazi yao ilikuwa nzuri sana mwanzoni, tatizo hawakujua kuacha. Aliwaonyesha katikati ya vidole, ambako ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyekundu kwa unyevu. "Mkiendelea kumfunga hivi," alisema, "mtamletea ugonjwa mpya wakati wa zamani haupo." Akamvua na ile kola, akaitupa pembeni, akamshusha Meneja mezani. Meneja akatikisa mwili mzima kutoka pua hadi mkia, akaenda kukagua kabati la dawa.

Walirudi nyumbani kwa njia ya mzunguko, ingawa hakuna aliyesema wazunguke. Kinyozi alihisi vibaya kwa ajili ya ule wekundu; aliona mnyama wa watu nusura aumie kwa sababu ya kitu ambacho yeye angeweza kukisema kwa mdomo. Na mdomo anao. Walipofika penye kivuli cha ukuta mmoja mrefu, mama mkwe alisimama kupumzisha magoti.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu alipomkimbiza paka, mama." Akakohoa. "Na wewe?"

"Mimi nilijua kabla ya paka. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia kwamba naondoka, ila kila niliyoipata sikuipenda."

Kinyozi akakuna kichwa. Hapo ndipo aliposema jambo refu kuliko yote aliyowahi kumwambia, tena bila kumtania mtu. Alisema paa likiwa zima ni vizuri, kila mtu ana haki ya kulala kwenye nyumba yake isiyovuja. Lakini kama hana haraka, angefurahi akae mpaka mwalimu arudi, na hata akirudi, angefurahi bado. Alisema duka limemzoea. Akaona hiyo haitoshi, akasema duka halina moyo, ni yeye ndiye aliyemzoea. Kisha akaishiwa, akaanza kutazama viatu vyake.

Mama mkwe akarekebisha miwani. Alisema atakaa, lakini kuna masharti: ile poda ya shingoni ibadilishwe, inawawasha watu, na ile hadithi ya mlango wa choo aisimulie tena kuanzia mwanzo, kwa sababu siku ile alikosa mwanzo wake alipokuwa anamzuia Meneja. Kinyozi akaanza kuisimulia palepale, wakitembea, mikono yote miwili hewani, na mbwa akawatangulia kwa miguu minne mizima.

Mwalimu alirudi wiki hiyo mchana, amechoka, vidole vina wino mwekundu. Alipita mlango wa dukani kwa kuwa ulikuwa karibu na kituo. Akakuta benchi limejaa, mama yake ameketi pembeni ya kioo akimkatalia mtu kitu, mumewe anaongea bila kuvuta pumzi, na wawili hao wanakatizana maneno kama watu waliolelewa nyumba moja. Alisalimia. Aliitikiwa, akaambiwa asogee kidogo amezuia mwanga. Akapeleka mkoba wake ndani mwenyewe, akajichemshia chai mwenyewe, na jioni mezani alijaribu mara kadhaa kueleza habari za mitihani, akashindwa kupata nafasi.

Mama mkwe aliondoka Jumapili. Kinyozi alifunga duka kumsindikiza kituoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi ya mdogo wake, akasimama pale mpaka basi likageuza kona, ingawa fundi viatu alikuwa amemfuata akimkumbusha kwamba amemwacha na ndevu nusu.

Usiku ule simu ya mwalimu ikalia. Mwalimu akapokea, akamsalimia mama yake, akauliza safari, akauliza paa, akauliza mbwa. Akajibiwa kwa mkato kwamba vyote vizuri. Kisha akaitoa simu sikioni, akaitazama, akamtazama mumewe.

"Anakutaka wewe," alisema.

Kinyozi alifuta mikono, akaichukua, akatoka nayo uani ili apate nafasi ya kurusha mikono. Chakula kikapoa.